Langgam: sisimizi au ndege? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kazi miaka minne katika jiko la hoteli moja Doha. Kati ya kila watu watatu wa zamu yetu, wawili walikuwa Wafilipino. Sikwenda kujifunza lugha yao, nilikwenda kutafuta riziki, lakini ukikata vitunguu na watu saa kumi kwa siku masikio hayafungwi. Kila nikisimulia kisa cha langgam, iwe Dar es Salaam au Mombasa, naulizwa maswali yale yale. Haya hapa, na majibu yake.

Langgam maana yake nini hasa?

Inategemea umemuuliza nani. Mtagalog, yaani mtu wa Manila, Batangas, Bulacan au Laguna, atakuonyesha chini: sisimizi. Msebuano, mtu wa Cebu, Bohol, Siquijor, mashariki ya kisiwa cha Negros au sehemu kubwa ya Mindanao, atakuonyesha juu: ndege. Herufi ni saba zile zile, kwa mpangilio ule ule, na kila mmoja ana uhakika wake.

Sisimizi kwa Msebuano ni *hulmigas*, neno walilolitoa kwa Wahispania (hormigas), au *subay*. Ndege kwa Mtagalog ni *ibon*. Kwa hiyo hakuna aliyekosa neno.

Na kisa chenyewe kilikuwaje?

Nyuma ya jiko letu palikuwa na mapipa ya taka, na njiwa wa Doha wanajua ratiba ya mapipa kuliko wafanyakazi. Asubuhi moja vijana wawili wa Cebu walikuwa wanaongea kwa lugha yao. Mmoja akasema: *Daghan kaayog langgam sa gawas.* Ndege wamejaa kule nje. Msimamizi wetu, mzee wa Batangas, alikuwa anapita. Yeye Kisebuano hakijui, lakini neno langgam alilisikia vizuri kabisa, na siku mbili nyuma wakaguzi wa afya walikuwa wameahidi kurudi. Akachukua kopo la dawa ya wadudu, akainama, akaanza kupuliza kizingiti cha mlango kutoka kona hadi kona, huku njiwa wanamtazama.

Vijana hawakusema kitu. Walicheka baadaye, stoo, hadi mmoja akakaa juu ya gunia la mchele. Mimi ndiye niliyeomba nielezwe.

Je, linatamkwa sawasawa?

Hapana, na hapa Mswahili ana bahati yake. Mtagalog hukaza silabi ya mwisho: *langgám*. Msebuano hukaza ile ya kwanza: *lánggam*. Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, iwe *méza* au *kitábu*, kwa hiyo ukilisoma neno hili kwa ulimi wako wa kawaida utakuwa umesema ndege, si sisimizi. Rafiki zangu wa Cebu walifurahi sana. Walisema Mwafrika huyu anaongea kama mtu wa kwao.

Jambo la pili ni tahajia. Herufi *ng* kwao ni *ng'* yetu, ile ya ng'ombe. Wakitaka *ng* ya ngoma wanaandika *ngg*. Kwa hiyo langgam kwa maandishi yetu ingekuwa tu "langam". Ukikumbuka kanuni hiyo moja utasoma vibao vya Ufilipino vizuri kuliko Wazungu wengi walioishi huko.

Si lahaja za lugha moja hizi?

Wafilipino wenyewe mara nyingi husema "diyalekto", na ndiyo maana swali hili halifi. Lakini Mtagalog ambaye hajawahi kufika Cebu hawezi kufuata mazungumzo ya Wasebuano, kama ulivyoona kizingitini. Umbali wake si ule wa Kimvita na Kiunguja, ambako watu wanataniana matamshi na bado wanauziana samaki. Ni karibu na ule wa Kiswahili na Kikuyu: mifupa ya sarufi inafanana, maneno mengi yana undugu, lakini ukiachwa peke yako sokoni utaonyesha kwa kidole.

Nchi ina visiwa zaidi ya 7,600 na lugha zaidi ya 170. Kitagalog, Kisebuano, Kiilokano cha kaskazini mwa Luzon, Kihiligaynon cha Iloilo na Bacolod, Kiwaray cha Samar na mashariki ya Leyte, Kibikol, Kikapampangan na Kipangasinan ndizo kubwa. Zote ni ndugu katika ukoo unaoitwa wa Kiaustronesia, ulioanzia Taiwan na kutapakaa hadi Hawaii upande mmoja na, upande wa pili, hadi jirani zetu wa Madagaska. Nitarudi kwa Madagaska.

Kwa nini wale vijana walielewa kosa la msimamizi, naye hakulielewa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, ingawa wachache huliuliza.

Kijana wa Cebu anajua maana zote mbili. Kifilipino, lugha ya taifa, kimejengwa juu ya Kitagalog; amekisoma shuleni tangu mdogo, na tamthilia za televisheni kutoka Manila amezitazama maisha yake yote. Anajua kwamba Manila langgam anatambaa. Mtu wa Batangas hakuwahi kulazimika kujifunza Kisebuano. Basi katika kukosa kuelewana, mmoja huwa gizani na mwingine huwa na taa, na mwenye taa ni yule ambaye lugha yake haikupewa cheo.

Cheo hicho kina tarehe. Wahispania walianza makao yao Cebu mwaka 1565, wakahamia Manila mwaka 1571, na makao makuu yakabaki huko. Tarehe 30 Desemba 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itasimama juu ya msingi wa Kitagalog. Katiba ya 1987 ikaiita Kifilipino, ikasema itaendelea kukua kwa kuchota katika lugha nyingine za nchi. Wakati huo huo, kwa miongo mingi ya karne ya 20, watu waliozaliwa na Kisebuano midomoni walikuwa wengi kuliko wa Kitagalog. Ukimgusa Msebuano mahali hapo usitegemee ataongea kwa sauti ya chini.

Shule nazo zimekwenda mbele na nyuma. Sheria ya mwaka 2013 ilitaka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, na lugha 19 zikaingia darasani. Mwaka 2024 sheria nyingine ikauondoa ulazima huo.

Kwa hiyo Kitagalog ndicho chenye maana sahihi, hawa wengine wamepotosha?

Nimeulizwa hivi na Waswahili, tena watu wazima wenye elimu yao. Jibu ni hapana, na neno linalolionyesha vizuri si langgam bali *paa*.

Kwa Mtagalog paa ni mguu wa chini, sehemu ya kuvaa kiatu. Kwa Msebuano paa ni paja, na mguu wa chini ni *tiil*. Nani amehama? Tazama majirani: Kimalei husema *paha* kwa paja, na Kimalagasi, maelfu ya maili mbali, husema *fe*, paja vilevile. Ndugu waliotengana muda mrefu namna hiyo wakikubaliana, wao ndio wamehifadhi. Kitagalog ndicho kilichoteremka kutoka pajani hadi unyayoni. (Sisi paa letu lipo juu ya nyumba, na jingine linakimbia porini, lakini hilo halina undugu na haya.)

Na *gubat* je? Manila ni msitu. Cebu ni vita. Kiilokano, ambacho kiko kaskazini kabisa na kimetenganishwa na Cebu na nchi nzima ya Watagalog, nacho kinasema vita. Mtu wa lugha akiona pembe mbili za mbali zinakubaliana na katikati panatofautiana, humtilia shaka wa katikati kwanza.

Lakini neno moja linapataje maana mbili?

Njia ziko nyingi, na kosa la wengi ni kudhani ipo moja.

Njia ya kwanza ni maana kuteleza hatua ndogo. *Palit* kwa Mtagalog ni kubadilishana: nipe hiki nikupe kile. Kwa Msebuano palit ni kununua. Hakuna muujiza hapo. Kabla ya sarafu, kununua kulikuwa ndiko huko kubadilishana. Mtagalog kwa kununua anasema *bili*, na Msebuano naye analo *bili*, ila kwake ni thamani, bei ya kitu. Maneno mawili ya sokoni yamepeana viti. Vivyo hivyo *asawa*: kwa Mtagalog ni mwenzi wa ndoa, mume au mke, kwa Msebuano ni mke, mume ana neno lake, *bana*.

Njia ya pili ni maneno mawili tofauti kabisa kugongana. *Aso* kwa Mtagalog na Mwilokano ni mbwa. Kwa Msebuano aso ni moshi, na mbwa ni *iro*. Mtu angeweza kukaa usiku kucha akitafuta jinsi mbwa alivyogeuka moshi, na angepoteza usingizi bure. Zamani yalikuwa maneno mawili, moja la mbwa na moja la moshi, na la moshi lilianza na konsonanti ya kooni. Konsonanti ikafifia, maneno yakafanana. Kitagalog kimebaki nayo yote mawili, kikiyatenganisha kwa mkazo: *áso* mbwa, *asó* moshi. Kisebuano kimemwacha mbwa akaenda.

Njia ya tatu ni mgeni kuingia na kukaa kwenye kiti chenye jina la mwingine. *Sira* ndiyo mfano wangu wa kila siku. Kwa Mtagalog ni kitu kilichoharibika. Kwa Msebuano ni kufunga, kama mlango, na hiyo ni Kihispania, cerrar, kilichovaa nguo za kienyeji. Kwa Mbikol, sira ni samaki, kitoweo cha kulia wali. Ni ndugu wa *sida* ya Kiilokano, d ikiwa imegeuka r. Sasa wafikirie watu watatu hao mbele ya duka la samaki lenye kibao kilichoandikwa SIRA. Mmoja anaingia, wa pili anarudi nyumbani, wa tatu anashika pua.

Nimesikia kwamba kwa Wakapampangan mambo ni mabaya zaidi. Kweli?

Ni matamu zaidi. Wakapampangan wanaishi jimbo la Pampanga, kaskazini ya Manila, umbali wa basi tu. Lugha yao imeiacha sauti ya *h*: upepo ambao Mtagalog anauita *hangin*, wao ni *angin*. Sasa chukua *hayop*, mnyama kwa Kitagalog. Ondoa h, unapata *ayup*. Kwa Mkapampangan ayup ni ndege. Neno la wanyama wote limebanwa likabaki la wenye mabawa.

Basi *ibon* ya Kitagalog, ndege, imekwenda wapi? Pampanga kuna *ebun*, na ebun ni yai.

Weka mnyororo wote mezani. Mtu wa Cebu akisema langgam, wa Manila anafikiria sisimizi. Wa Manila akisema ibon, wa Pampanga anasikia kama yai. Wa Pampanga akisema ayup, wa Manila anasikia mnyama wa namna yoyote, hata nyati. Ndege mmoja ameketi juu ya waya wa umeme na watu watatu hawajamwona.

Nao wengine wamejitoa kabisa katika mchezo huo. Kwa Waray ndege ni *tamsi*. Hiligaynon: *pispis*. Bikol: *gamgam*. Kiilokano: *billit*. Sijawahi kuona viumbe wanaogombaniwa majina kama ndege wa nchi hii.

Kuku je?

Kuku ametulia. *Manok*, karibu kila mahali: Manila, Cebu, kwa Wailokano. Ila ukivuka bahari, Mjava anasema *manuk* akimaanisha ndege yeyote, na Wasamoa, Wamaori na Wahawaii wanasema *manu*, ndege. Nadhani ametulia kwa sababu yupo sufuriani kila wiki. Jina la kitu unachonunua kila siku halina nafasi ya kutangatanga.

Kiswahili nacho kina vituko kama hivi?

Wewe mwenyewe umeshakaa ndani yake. Tuanze na ndege huyo huyo. Kwa Kiswahili *ndege* ni mwenye manyoya, na tangu zije eropleni, ni eropleni pia. Mnyarwanda na Mrundi wamelichukua neno letu, *indege*, lakini kwao ni eropleni tu. Kiumbe wanamwita *inyoni*. Mkikuyu hali kadhalika: *ndege* iko uwanja wa Jomo Kenyatta, *nyoni* iko mtini. Mganda yeye ana *ennyonyi* moja kwa vyote viwili. Na sisi tulikuwa na *nyuni*, ambalo bado liko Lamu na katika mashairi ya zamani, kabla halijasukumwa pembeni. Ukimwambia Mnyarwanda asiyejua Kiswahili kwamba umefuga ndege ishirini nyumbani, atakuomba kazi.

Na ndani ya Kiswahili chenyewe kuna *bibi*. Mtanzania akisema bibi yangu anaumwa, utampelekea pole ya mzee. Mkenya akisema hivyo hivyo, ni mke wake. Nilimsikia Mtanzania mmoja Doha akimsifu Mkenya kwa kumtumia bibi yake pesa kila mwezi: "Una moyo, vijana wengi huwasahau wazee." Mkenya alinyamaza kidogo, akasema bibi yake ana miaka ishirini na sita.

Wala hatuna haki ya kuwacheka kuhusu sisimizi. Sisi *chungu* ni mdudu, ni chombo cha kupikia, ni ladha, na ukichelewa kidogo ni rundo.

Ni maneno gani nijihadhari nayo?

La kwanza ni *libog*. Msebuano akichanganyikiwa na maelezo yako anasema *nalibog ko*, nimechanganyikiwa. Ni maneno safi, unaweza kuyasema mbele ya padri. Kwa Kitagalog libog ni ashiki, tamaa ya mwili. Msichana wa Cebu mgeni Manila akimwambia mwalimu wake kwamba somo limemtia libog, darasa lote linalala mezani. Huu ni utani wa zamani kati yao, usiuanzishe wewe.

*Hubad* ni wa pili na ninauonea huruma. Kwa Msebuano ni kufungua fundo na, kutoka hapo, kutafsiri. Mfasiri ni *maghuhubad*. Kwa Mtagalog hubad ni kuwa bila nguo, na *maghuhubad* ni sentensi nzima: atavua nguo. Sijui kazi nyingine yenye jina la hatari namna hiyo.

*Utong* kwa Mwilokano ni kunde ndefu mbichi zinazokatwakatwa kwenye mboga. Kwa Mtagalog ni chuchu ya titi. Sokoni, onyesha kwa kidole.

*Hilom* hauna aibu, una uzuri tu. Kitagalog: kidonda kufunga, kupona. Kisebuano: ukimya.

Na *daga*: panya kwa Mtagalog, ardhi kwa Mwilokano na Mbikol. Mtu akikuambia amerithi daga nyingi, muulize kwanza kwao ni wapi.

Kuna mahali maana hizi zinakutana uso kwa uso?

Kisiwa cha Negros. Upande wa magharibi, Bacolod, wanaongea Kihiligaynon; upande wa mashariki, Dumaguete, Kisebuano; katikati kuna milima na volkano ya Kanlaon. Mwaka 2024 serikali iliziunganisha pande hizo mbili, pamoja na Siquijor, kuwa mkoa mmoja.

Neno la kuogopa hapo ni *karon*. Kwa Msebuano karon ni sasa hivi. Kwa Mhiligaynon karon ni baadaye. Sasa hivi ni *subong*. Mtu wa Dumaguete akimpigia wa Bacolod simu: njoo karon. Huyu anajibu: ndiyo, karon. Wamekubaliana kabisa. Mmoja amesimama stendi anatazama saa, mwingine amerudi kulala.

Jikoni kwetu tulikuwa na mpishi wa Iloilo na dada wa Cebu kwenye sinki. Walipigana vita hiyo kila Ijumaa, na hatimaye wakahamia kwenye saa za ukutani: saa ngapi, dakika ngapi, basi.

Programu ya tafsiri itanisaidia?

Itakusaidia ukichagua lugha sahihi, na wengi hawachagui. Rafiki yako anakuandikia kwa Kisebuano, wewe unabandika kwenye Kifilipino kwa kuwa ndicho unachokijua kwa jina, na picha ya ndege dirishani inageuka sisimizi dirishani. Hakuna kinachokuonya, kwa sababu sentensi bado ina akili. Makosa mabaya ya tafsiri ndiyo hayo, yasiyopiga kelele.

Jambo la pembeni, kwa wapenda mambo ya mtandaoni: Wikipedia ya Kisebuano ina makala zaidi ya milioni 6, nyingi zikiwa zimeandikwa na programu iitwayo Lsjbot, iliyotengenezwa na Msweden Sverker Johansson. Sehemu kubwa ni viumbe na maeneo ya dunia. Mtagalog akiingia humo kutafuta langgam kwa kazi ya shule ya mwanawe kuhusu wadudu, atakutana na mabawa.

Na Madagaska? Uliahidi.

Bukini, kama walivyoiita wazee wetu. Kimalagasi kilitoka kusini mashariki mwa Borneo, na ni binamu wa lugha hizi zote. Hesabu uone: tatu kwa Msebuano ni *tulo*, kwa Mmalagasi *telo*, mbingu kwa Mtagalog ni *langit*, kwa Mmalagasi *lanitra*. Ndege kwao ni *vorona*, inayofanana na *burung* ya Kimalei.

Lakini uliza kuku. Manok ya Wafilipino wote haipo. Kuku wa Madagaska ni *akoho*, na hiyo ni kuku yetu ya Kibantu, imevuka mlango bahari. Kanga wao ni *akanga*. Kondoo ni *ondry*, ng'ombe ni *omby*, mbuzi ni *osy*, mbwa ni *amboa*. Walikuja na lugha yao kutoka mashariki, wakapata mifugo na majina ya mifugo upande wetu. Nilipowaeleza wenzangu wa Cebu jambo hilo walinitazama kama mtu aliyetoboa siri ya familia. Mmoja aliniita binamu hadi siku naondoka.

Nikikutana na Mfilipino nitajuaje langgam wake ni yupi?

Muulize kwao ni wapi. Si wachache Ghuba na hata kwenye meli zinazotia nanga Mombasa hutoka visiwa vya kati na Mindanao, si Manila, na hufurahi wakiulizwa kwa lugha yao badala ya kudhaniwa Watagalog. Kwa Kitagalog swali ni *Taga saan ka?* Kwa Kisebuano, *Taga asa ka?* Kwa Kihiligaynon na Kiwaray, *Taga diin ka?*

Kwa Kiilokano ni *Taga ano ka?*, ambalo Mtagalog atalisikia kama unamuuliza ametoka kwenye kitu gani. Mzee wa Batangas niliwahi kumjaribu nalo. Alifikiri, akanijibu: jikoni.